Bakteria wa kifaduro kubadilika wakati wa mlipuko: je, chanjo ya watoto wetu huku Kusini bado inafaa?

Mwalimu wa Baiolojia, Newala

Wanajukwaa, habari za jioni. Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Newala, lakini swali ninalolileta halikutoka darasani; limetoka barazani kwa shemeji yangu. Mtoto wake ana wiki tisa, na kadi yake ya kliniki bado haina chanjo ya wiki ya sita, kwa kuwa baba huyo alitumiwa kwenye simu maandishi yanayoeleza kwamba huko Marekani bakteria wa kifaduro walibadilika vinasaba katikati ya mlipuko, watoto waliokuwa wamechanjwa wakaugua, na kwa sababu hiyo sindano tunayowapa watoto wetu haina kazi tena. Nilijaribu kumjibu nikagundua kuwa ninayoyajua ni ya kitabuni tu: kwamba DNA inaponakiliwa hutokea makosa, na kwamba mazingira huyaacha makosa mengine yaendelee na mengine yapotee. Aliponiuliza ni kitu gani hasa kilichobadilika katika bakteria huyo, sikuwa na la kusema, na kwa baraza letu lilivyo, asiye na jibu la papo hapo huhesabiwa ameshindwa.

Naomba basi mwenye ujuzi anieleze ni sehemu gani za vinasaba zilizobadilika, na kama mabadiliko hayo ndiyo yaliyoleta mlipuko au mlipuko ulikuwa na sababu zake nyingine. Kisha naomba kujua, na hili ndilo linalonikosesha usingizi, kama yaliyotokea huko yanagusa chanjo inayotolewa katika zahanati zetu. Tafadhali msinionee huruma katika maelezo. Nikielewa vizuri nitaweza kuyarahisisha mwenyewe.

Maabara Mikindani

Mwalimu, salaam. Maandishi aliyotumiwa shemeji yako yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanasumbua. Yangekuwa uongo mtupu ungeyamaliza kwa dakika mbili. Ni kweli kwamba mwaka 2012 Marekani iliandikisha wagonjwa 48,277 wa kifaduro, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu mwaka 1955, na jimbo la Washington peke yake lilikuwa na karibu wagonjwa 5,000. Ni kweli pia kwamba bakteria waliochukuliwa kwa wagonjwa wa miaka hiyo walipooteshwa na jenomu zao (yaani DNA yao yote) kusomwa, walionekana kutofautiana na wale waliohifadhiwa maabara miongo kadhaa nyuma. Palipopinda ni pale panaposemwa kuwa walibadilika katikati ya mlipuko, kana kwamba waliingia Januari wakiwa wa aina moja wakatoka Desemba wakiwa wa aina nyingine.

Bordetella pertussis, yaani huyu bakteria wa kifaduro, ni bakteria anayebadilika polepole. Jenomu yake ina herufi za DNA zipatazo milioni 4.1, na ukiwalinganisha bakteria wa wagonjwa wawili wa mlipuko mmoja, mara nyingi utakuta wanaachana kwa herufi chache mno. Wala hakupatikana mzazi mmoja aliyezaa mlipuko mzima. Katika milipuko ya Marekani, na katika ule wa Uingereza wa mwaka huohuo wa 2012, zilionekana koo nyingi (nasema koo za nasaba, si hizi zinazokohoa) zikisambaa kwa wakati mmoja, na nyingi zilikuwapo kabla ya watu kuanza kuugua kwa wingi. Kwa hiyo mabadiliko yalikuwa yamejikusanya kwa miaka, na mlipuko uliyakuta yako tayari.

Sasa nije kwenye vinasaba vyenyewe. Mbele ya jeni zinazotengeneza sumu ya kifaduro kuna kipande kinachofanya kazi kama swichi ya taa, kinaitwa promota. Swichi ya zamani hupewa jina ptxP1. Tangu miaka ya 1990 imekuwa ikipokonywa nafasi na nyingine iitwayo ptxP3, na mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa bakteria wenye ptxP3 hutengeneza sumu nyingi zaidi. Mwaka 2014 ulichapishwa ulinganisho wa bakteria 343 kutoka nchi 19, ukaonyesha kuwa ukoo huo umekwisha kuenea mabara mengi, maana kikohozi hakina paspoti.

Kuna pia vipande vya DNA vyenye tabia ya kujinakili na kuhamahama, viitwavyo IS481, na bakteria huyu anavyo zaidi ya 200. Kwa sababu vinafanana, hukutana na kusababisha jenomu ikatike na kuunganika upya kwa mpangilio tofauti, hata kama herufi zenyewe ni zilezile. Hilo huonekana sana katika bakteria wa milipuko, ingawa kwa maoni yangu faida yake kwa bakteria bado haijaonekana wazi kama ya mabadiliko mengine.

Badiliko lililozua maneno mengi ni la pertaktini. Hii ni protini iliyo kwenye ganda la nje la bakteria, inayomsaidia kunata katika njia ya hewa. Bakteria wengi wa sasa huko Marekani hawaitengenezi kabisa, kwa kuwa jeni yake imeharibika, na uharibifu wenyewe hauko wa namna moja: kwa wengine IS481 imejipachika katikati ya jeni, kwa wengine kipande kimekatika, na kwa wengine herufi moja imegeuka ikawa alama ya kusimama kabla protini haijakamilika. Njia zikiwa nyingi namna hiyo na mwisho ukawa mmoja, maana yake ni kwamba hasara hiyo ilitokea mara nyingi, katika koo mbalimbali, na kila ilipotokea ilimfaa mwenye nayo. Katika bakteria waliohifadhiwa Marekani, wa kwanza asiye na pertaktini alikuwa wa mwaka 1994; kufikia mwaka 2012 walikuwa zaidi ya nusu. Nchini Australia, katika mlipuko ulioanza mwaka 2008, walikuwa asilimia 5 ya bakteria waliopimwa mwaka huo, na ulipofika mwaka 2012 walikuwa asilimia 78.

Sababu inayoaminika ni chanjo yao. Nchi hizo hutumia chanjo isiyo na seli nzima, yaani badala ya kumchoma mtoto bakteria aliyeuawa mzimamzima, humpa protini chache zilizosafishwa, kuanzia moja hadi tano, na pertaktini imo katika nyingi kati ya chanjo hizo. Mwili ukizoezwa kumkamata bakteria kwa protini hizo tu, bakteria aliyepoteza mojawapo ameponyoka mkono mmoja. Utafiti wa majimbo 8 ya Marekani ulipima bakteria 753, ukakuta asilimia 85 hawana pertaktini, na mgonjwa aliyekuwa amechanjwa alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na bakteria wa aina hiyo kuliko asiyechanjwa.

Hapo ndipo maandishi ya shemeji yako yanapokomea. Hayasemi kwamba katika jimbo la Vermont, ambako karibu bakteria wote wa mlipuko hawakuwa na pertaktini, chanjo hiyohiyo ya watoto ilipimwa ikakutwa inakinga kwa asilimia 84. Bakteria aliyevua pertaktini bado ana sumu ile, na mtoto aliyechanjwa ana kingamwili za kuikabili. Waliopoteza sumu yenyewe ni nadra mno, kwa sababu sumu hiyo humsaidia sana bakteria mwilini mwa mtu.

Mwalimu wa Baiolojia, Newala

Nakushukuru sana, ndugu yangu. Hili la kuharibika kwa njia nyingi na kufikia mwisho mmoja nitalipeleka kidato cha sita, maana ni mfano mzuri wa uteuzi asilia kuliko nondo wa Uingereza tunaowafundisha kila mwaka ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwaona. Lakini umenisogeza pabaya: kama chanjo zao zina protini zisizozidi tano, ya kwetu ina ngapi? Na kama bakteria wale hawakuleta mlipuko, nani aliuleta?

Nesi Mstaafu, Nachingwea

Mwanangu Mwalimu, marahaba kama umeniamkia. Hilo la chanjo ya kwetu naliweza mimi, kwa kuwa nimeidunga katika mapaja ya watoto wa Nachingwea na Ruangwa mpaka nimestaafu.

Sindano anayopewa mtoto hapa Tanzania wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni pentavalenti, ambayo kliniki tunaiita penta. Ilianza kutumika nchini mwaka 2009 na inakinga magonjwa matano kwa pamoja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na maambukizi ya bakteria aitwaye Haemophilus influenzae aina ya b. Sehemu yake ya kifaduro ni ya seli nzima. Bakteria ameuawa, lakini amewekwa na ganda lake lote, kwa hiyo mwili wa mtoto haufundishwi protini tatu au tano, unafundishwa mamia ya vitu kwa mkupuo. Ndiyo maana kisa cha pertaktini hakiwezi kuhamishwa kutoka Marekani kikabandikwa Newala kama kilivyo. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika msimamo wake wa mwaka 2015, lilizishauri nchi zinazotumia chanjo ya seli nzima ziendelee nayo kwa dozi za mwanzo.

Kuhusu nani aliyeleta mlipuko, mimi nitakupa kisa ambacho hakihitaji bakteria kubadilika hata herufi moja. Japani waliisimamisha chanjo ya seli nzima kwa muda mwaka 1975 baada ya watu kuogopa madhara yake, na hata iliporudishwa wazazi wengi hawakurudi. Mwaka 1979 nchi hiyo ilipata wagonjwa zaidi ya 13,000 na vifo 41. Woga huo ndio uliowasukuma kutengeneza chanjo isiyo na seli nzima, walioianza mwaka 1981, na nchi nyingine tajiri zikafuata baadaye. Msomee shemeji yako miaka hiyo mmoja mmoja.

Na huyo mtoto wa wiki tisa asisubiri. Hajachelewa kiasi cha kukataliwa. Ataanza dozi ya kwanza siku atakayofika, kisha dozi zitaachana wiki nne nne. Mwambie pia mama yake kwamba mtoto mchanga wa umri huo akipata kifaduro huenda asitoe ule mlio wa kuvuta pumzi ambao watu wanauita dalili ya kifaduro. Wengine hawakohoi sana. Hukata pumzi tu na midomo kubadilika rangi. Hilo si la kusubiri asubuhi.

Mkulima wa Korosho, Tandahimba

Shikamoo mama. Nimefuatilia mada hii kwa makini, na nina swali kwa ndugu wa maabara. Sisi huku tuna jambo linalofanana. Ukitumia dawa ya magugu ya aina moja katika shamba la mikorosho mwaka hadi mwaka, majani mapana yanakwisha, lakini ndago inatamalaki, na mtu asiyejua husema dawa ndiyo imezaa ndago. Je, si kwamba chanjo yoyote, hata hii ya seli nzima, itafika mahali itoe ndago yake?

Maabara Mikindani

Mfano wako nimeupenda, ila una kona moja ya kurekebisha. Ndago na majani mapana ni mimea tofauti iliyokuwa shambani tangu mwanzo, ilhali hapa tunazungumzia aina moja ya bakteria ambaye watoto wake huzaliwa na makosa madogo. Yaani ni kama ndago ingekuwa inazaliwa na jani pana kila baada ya msimu kadhaa, na kila mara ikafa kwa kubanwa, mpaka ulipoanza kupuliza. Kwa yaliyobaki uko sawa: chanjo haikumharibu bakteria jeni, iliwaondoa wenzake waliokuwa wakimshinda.

Swali lako la seli nzima ni la haki, na jibu ni kwamba nayo huchagua. Tofauti za kale za jeni za sumu na za pertaktini zilibadilishana nafasi hata katika miongo ambayo dunia nzima ilitumia seli nzima, na bakteria waliomo katika chupa za chanjo ni wa koo za zamani kuliko wanaozunguka mitaani. Lakini kumkwepa mlinzi anayekutambua kwa sura, mwendo, sauti na nguo ni kazi kubwa kuliko kumkwepa anayekutambua kwa kofia. Katika nchi zilizobaki na seli nzima, bakteria wasio na pertaktini wameendelea kuwa wachache.

Kuna na jambo jingine ambalo Mwalimu aliliuliza na mama akalijibu kwa upande mmoja. Milipuko ya Marekani ina sababu ambayo wengi wa watafiti huipa uzito kuliko vinasaba, nami nakubaliana nao: kinga ya chanjo isiyo na seli nzima hupungua haraka baada ya miaka michache, kwa hiyo watoto wa shule waliochanjwa vizuri utotoni walikuwa wamekwisha kuwa wazi. Mwaka 2013 yalitolewa pia majaribio ya nyani. Waliopewa chanjo isiyo na seli nzima hawakuugua, lakini walibeba bakteria kwa wiki kadhaa na kuwaambukiza nyani wenzao. Waliopewa seli nzima waliwaondoa bakteria mapema zaidi. Ukiunganisha kinga inayofifia na watu wanaobeba bila kuugua, umepata mlipuko, hata kama pertaktini ingebaki mahali pake.

Badiliko ambalo mimi binafsi lingenitisha likifika hapa si hilo la ganda, ni la usugu wa dawa. Kifaduro hutibiwa kwa azithromaisini au erithromaisini, ambazo hushika mahali maalumu katika kiwanda cha bakteria cha kutengeneza protini. Herufi moja ya vinasaba vya kiwanda hicho, ile ya nafasi ya 2047, ikigeuka kutoka A kuwa G, dawa zote mbili hukosa pa kushika. Bakteria wa namna hiyo aliripotiwa kwanza Arizona mwaka 1994 na kwa muda mrefu alionekana kama kituko, lakini nchini China sasa ndiye wa kawaida, na amekwisha kuungana na swichi ile ya ptxP3. Kwetu, ambako azithromaisini hununuliwa dukani kwa mafua ya siku mbili kama mtu anunuavyo kiberiti, sioni cha kutufariji.

Na usiniulize ni wangapi wa aina hiyo wanaozunguka huku kwetu, kwa maana kusoma jenomu kunahitaji bakteria hai aliyeoteshwa. Kipimo cha haraka cha PCR hutafuta IS481 kwa sababu nakala zake ni nyingi na hazijifichi, na kinatosha kumwambia daktari kuwa hiki ni kifaduro, lakini hakikuachii bakteria wa kumsoma. Kumwotesha kunataka kijiti cha sampuli kipitishwe puani mpaka nyuma kabisa, mapema kabla ya dawa, kisha sampuli isikauke njiani. Fikirieni sampuli hiyo ikitoka Liwale wakati wa masika.

Mkulima wa Korosho, Tandahimba

Barabara hiyo naijua, sina la kuongeza. Nimeelewa kuhusu ndago.

Mwalimu wa Baiolojia, Newala

Nimerudi kutoa taarifa. Jana jioni nilikaa na shemeji, nikamchorea bakteria mwenye ganda kwenye karatasi, nikafuta pertaktini kwa raba, kisha nikamwonyesha yote yaliyobaki ambayo chanjo yetu bado inayatambua. Cha kushangaza, hakuguswa sana na mchoro. Kilichomgusa ni Japani. Aliuliza mara mbili kama vifo 41 vilikuwa vya mwaka mmoja. Amekubali mtoto aende kliniki Alhamisi, lakini mkewe ana sharti lake: mtoto wa jirani alichemka mwili usiku kucha baada ya penta, naye anataka kujua kwa nini wasitafutiwe hiyo ya nchi tajiri ambayo haina homa. Mama, hili nakuachia wewe.

Nesi Mstaafu, Nachingwea

Mwambie mama huyo kwamba hakukosea kuuliza, kwani ni swali lilelile walilouliza Wajapani. Chanjo isiyo na seli nzima kweli huleta homa kidogo zaidi, na ndiyo sababu ilitengenezwa. Homa ya penta hutokana kwa sehemu kubwa na ganda la bakteria aliyeuawa, ganda lilelile linalofanya iwe vigumu kwa bakteria kuikwepa chanjo, kama alivyoeleza ndugu wa maabara kwa mfano wa mlinzi. Kwa kawaida huanza siku hiyohiyo na kuisha ndani ya siku moja au mbili. Amnyonyeshe mara kwa mara, asimfunike kwa kanga tatu, na kipimo cha parasetamo akiulize palepale kliniki baada ya mtoto kupimwa uzito, asikikadirie kwa kijiko cha nyumbani. Mtoto akilia mfululizo kwa zaidi ya saa tatu, akilegea, au akipata degedege, amrudishe bila kungoja, na akumbuke kulitaja hilo kabla ya dozi ya pili. Alhamisi wafike mapema, wasisahau kadi.